Siku Tano Mbugani na Mama Mkwe

Ninyi mlionizunguka Jumapili ile mkitaka nieleze kwa nini nilirudi Sepuka bila viatu na suruali imepasuka magotini, sikuwajibu palepale kwa sababu mhusika mwenyewe alikuwa amekaa hatua kumi kutoka tulipokuwa. Sasa nimeandika. Msome kwa zamu, na atakayecheka acheke mbali na nyumba yangu.

Habari za kuomba ruhusa shuleni naziruka, maana zinachosha. Lakini chanzo lazima nikiseme. Mke wangu Rebeka alikuwa mjamzito na mwezi wenyewe ulikuwa umeshaingia. Watoto wetu wawili waliotangulia tuliwazika bila kusikia sauti zao. Safari hii dresa, yule mhudumu wa tiba wa zahanati, alimkataza asipande lori kabisa, naye Rebeka akaniambia neno moja tu: "Niletee mama." Mama yake yuko Kinampanda, na huko Iramba hakuna asiyemjua kwa ukunga wake. Mnajua adabu zetu za ukwe. Mimi simtaji jina, sili mbele yake, simtazami usoni, sisemi naye ana kwa ana, wala silali chini ya paa moja naye. Nyumbani mambo hayo ni mepesi. Barabarani ndipo yalipotutokea puani.

Kinampanda hadi mgodini

Nilipofika Kinampanda, lori la kupitia Singida mjini lilikuwa limeharibika, na la pili lingetoka baada ya juma zima. Ndipo nikampata Ramadhani, dereva wa Singida, aliyekuwa anateremka mbuga ya Wembere kukusanya ngozi na nta, kisha atokee upande wa Sepuka. Ramadhani ni mtu mwembamba, mcheshi, na muda kwake ni kitu cha kukadiria tu.

"Mwalimu, kesho jioni mnakula ugali kwako," aliniambia.

Mama mkwe alitoka na mkoba wake wa kazi, kibuyu cha mafuta na kifurushi cha mlenda mkavu. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, wa miaka arobaini na kitu, mwepesi wa hatua kuliko mimi. Aliketi mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma juu ya magunia matupu, na maneno yetu yote yakawa yanapita kwa Ramadhani. Nikigonga bati, anasimama.

"Muulize mama kama amechoka."

"Mama, unaulizwa kama umechoka."

"Mwambie sijachoka. Muulize Rebeka anakula vizuri?"

Tuliposimama mara ya nne Ramadhani alizima injini akatoa kichwa nje. "Mwalimu, mimi nimeajiriwa kuendesha lori. Kazi ya kubeba maneno ya wakwe nitaanza kuidai mshahara."

Tuliteremka ule mteremko mkali jua likiwa limeinama, na chini yetu mbuga ilikuwa nyeupe na tupu mpaka macho yanapochoka. Breki zilikuwa zinanuka moto. Ramadhani akasema tulale kwenye mgodi mmoja wa zamani uliofungwa, ambao mlinzi wake ni rafiki yake. Mlinzi yule, Mnyamwezi mpole, alikuwa na chumba kimoja tu chenye mlango, akampa mama mkwe kwa heshima zote. Yeye na Ramadhani walitandika chini ya kipande cha bati. Hapo hapakunifaa, kwa kuwa bati lile lilikuwa limeshikana na ukuta wa chumba cha mama, na mimi nikahesabu kwamba hilo ni paa moja. Waliniona mgomvi. Nikatafuta, nikaona tangi kubwa la chuma walilokuwa wakichemshia maji ya mitambo, lenye tundu ubavuni la mtu kupita. Nikaingia humo na blanketi langu.

Usingizi ulikuwa mzuri, siwadanganyi. Chuma kilikuwa bado na joto la jua. Ila asubuhi nilipotoka nilikuwa mweusi wa masizi kuanzia upara hadi kwenye nyayo. Mama mkwe alikuwa ananawa uso. Aliniona, akageuka haraka, nikaona mabega yake yanatikisika. Baadaye kidogo Ramadhani alinijia akiwa ameuma midomo.

"Mama anauliza kama Sepuka kuna maji ya kutosha ya kumwogesha mwalimu."

Niliona aibu, lakini moyoni nilifurahi kidogo. Tangu nimuoe binti yake, huo ulikuwa utani wa kwanza kunitupia.

Kwenye chumvi

Siku ya pili tulikwenda mpaka saa sita hivi. Hakuna barabara kule, ni alama za magurudumu juu ya udongo uliopasuka vipande vipande, na mbele unaona maji ambayo si maji. Kishindo kimoja, lori likainama upande. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Ramadhani alilizunguka lori mara tatu kama anayetazama ng'ombe mgonjwa, halafu akaifungua springi, akaifunga kwenye gunia.

"Naipeleka kwa fundi kule barabarani. Kesho jioni nitakuwa hapa," alisema. Safari hii sikumuuliza jioni ya kesho ipi.

Bahati yetu palikuwa na moshi karibu. Walikuwa Wasukuma wachache waliovuka mbuga kuja kuchemsha chumvi kama wafanyavyo kila kiangazi. Wanakwangua udongo mweupe wa juu, wanautia katika vyungu vyenye matundu, wanamimina maji, na yale yanayochuruzika wanayapika mpaka chungu kibaki na chumvi tupu. Vibanda vyao ni miti iliyoinamishwa na kufunikwa ngozi za ng'ombe. Mkubwa wa kambi alikuwa Mama Kabula, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alitukaribisha vizuri, akatupa ugali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kila kitu kilikuwa na chumvi. Hata uji ulikuwa na chumvi.

Taabu ilianza hapo, kwa kuwa mbeba maneno wetu alikuwa ameondoka. Mnajua njia iliyobaki: mtu huongea na kitu, mwenzake akasikia. Kati yetu kulikuwa na debe la maji tulilochukua mgodini.

"Debe," nilisema nikitazama pembeni, "mwambie mama maji yamebaki nusu."

"Debe," akajibu akiwa amenipa mgongo, "mwambie baba anywe yeye aliyekaa juani. Mimi nilikaa kivulini."

Tukaendelea hivyo alasiri nzima, huku watu wa chumvi wakitutazama. Jua lilipopungua Mama Kabula alinikokota mkono kando.

"Wewe mzee, huoni haya? Mmekuja wageni, mnanuniana mpaka mnasemeshana kwa debe! Mwanamke mzuri vile. Nenda ukamwombe radhi mkeo. Nimewatandikia kibanda kile pale, ngozi moja, mtapatana humo humo."

Upara huu nimeuanza nikiwa mwanafunzi wa ualimu, na watu huniongezea miaka ovyo, lakini hili lilivuka mpaka.

"Mama," nikamwambia, "yule si mke wangu. Yule ni mama mzaa mke wangu."

Alinitazama, akamtazama yeye, akajipiga mapaja yote mawili. "Yayaya! Nimewatandikia mkwe na mkwe! Nimekwisha!" Akakimbia kwenda kuitoa ile ngozi mwenyewe, akiomba msamaha njia nzima kwa sauti iliyomfanya hata asiyejua sasa ajue. Mama mkwe alijifunika kanga kichwani akaingia kwenye kibanda cha wanawake. Mimi nilipewa nafasi kwenye lori, juu ya marobota ya ngozi tuliyopakia njiani asubuhi ile, na harufu yake nilikuja nayo mpaka hapa, kama mlivyosema wenyewe.

Siku ya tatu tulingoja. Kungoja ndiko kulikoniuma kuliko kulala vibaya. Kila nilipotazama ile mbuga nyeupe nilimwona Rebeka akiwa peke yake, nikatamani kuondoka kwa miguu. Mama mkwe alikuwa ameketi anawasaidia wanawake kukoleza moto. Alisogea akakaa upande wa pili wa debe.

"Debe," alisema, "muulize baba, mara ya pili ile mbona hakuniita? Nilisikia kwamba mwanangu aliniomba."

Ni kweli, na ninyi hamkulijua hilo. Mara ya pili Rebeka aliomba mama yake aje, nami nilikataa. Nilimwambia tuna dresa, nilimwambia mimi ni mwalimu, na maneno mengine ya namna hiyo.

"Debe, mwambie mama niliona tabu," nikasema. "Nyumba ina vyumba viwili na paa moja. Niliwaza nitalala wapi, nitapita wapi, watu wa Sepuka watasemaje. Nikaangalia hayo. Mwambie najuta."

Aliinuka, akachukua chungu chake, akarudi motoni. Siwezi kusema alinisamehe. Lakini saa ya kula alinitumia bakuli la mlenda aliotoa kwenye kifurushi chake, mlenda wa Kinampanda, usio na chumvi hata punje.

Kwa warina asali

Ramadhani alirudi kweli, tena siku ya nne asubuhi, springi begani na kuku wawili mkononi ambao hakueleza walikotoka. Mama Kabula alitusindikiza na kikapu cha michembe. Alikuwa bado hawezi kumtazama mama mkwe bila kushika mdomo.

Tulivuka mbuga tukaingia msituni upande wa kusini, na mchana wote mawingu yalikuwa yanajipanga nyuma yetu. Ramadhani aliimba. Mimi sikuimba, maana udongo wa mbuga mnaujua, tone moja tu linatosha kuugeuza uji. Jioni tukafika kwenye kambi ya warina asali ambao Ramadhani huchukua nta kwao. Walikuwa wazee wawili, ndugu, wasemaji kidogo sana. Kibanda chao kilikuwa kimejaa asali mpaka mlangoni, na nyuki wenye kiherehere wakizunguka.

"Wageni watalala wapi?" aliuliza Ramadhani.

Mmoja akaonyesha kwa kidevu. Chini ya mti kulikuwa na lindo, pipa la gome la mti la kuwekea nafaka, kubwa ajabu, limelazwa ubavu, bado jipya na tupu. Mtu mfupi angelala ndani kwa raha na kufunga mdomo wa pipa kwa kifuniko. Mama mkwe alilizunguka, akaligonga, akanusa ndani.

"Ramadhani, mwambie baba, safari hii zamu yangu ya kulala kwenye tangi."

Tulicheka wote, hata wale wazee. Tulikula kuku na asali ya kwenye masega, mimi nyuma ya lori, yeye mbele, na kila kitu kikawa kitamu kwa sababu hapakuwa na chumvi. Mzee wa pili ndiye aliyesema neno refu kuliko yote: "Mvua ya alfajiri." Kisha akaenda kulala.

Mvua ilinyesha alfajiri kama alivyosema. Mimi nililowa juu ya marobota. Mama mkwe alitoka kwenye lindo lake mkavu, kanga imenyooka, akinukia nta. Lakini magurudumu yalikuwa yamezama mpaka ekseli.

Kwa miguu hadi Sepuka

Ramadhani alitikisa kichwa. "Lori halitoki leo. Labda kesho kutwa, jua likiwaka."

Nilimtuma amwambie mama kwamba kwa miguu tungefika alasiri, kama anaweza. Kabla hajamaliza kusema, mama alikuwa ameshaweka mkoba kichwani. Nikachukua kibuyu, kikapu na fimbo, tukaondoka, mimi mbele hatua ishirini, yeye nyuma. Viatu vyangu vilibaki kwenye tope la kwanza, kimoja palepale, na kingine hatua tatu mbele. Ndiyo habari ya viatu.

Karibu na kwetu kuna lile korongo la mchanga ambalo watoto huchezea kiangazi chote. Tulilikuta limejaa. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda kasi, na kwa kukadiria yangenifika mimi kiunoni. Yeye yangemfika kifuani. Ng'ambo alisimama mchungaji mmoja na ndama wake. Alinitambua, akaweka mikono mdomoni akapiga kelele.

"Mwalimu! Kimbia! Mkeo ameanza kuumwa tangu alfajiri!"

Nikamwita avuke aje amsaidie mama. Akasema hawezi, maji anayaogopa, na kwa kweli alikuwa mzee kuliko korongo lenyewe. Nikatazama nyuma kama nitaona mtu yeyote anayekuja. Nikakimbia kando ya korongo juu, nikakimbia chini, nikitafuta mahali penye maji ya kina kifupi, nikajikwaa kwenye mawe, magoti ya suruali yakaisha. Hapakuwepo. Nilirudi nikihema, nikachomeka fimbo mchangani nikaitazama.

"Fimbo," nilisema, "mwambie mama tungoje kidogo. Maji ya korongo hupungua upesi. Labda saa moja, labda mbili."

"Fimbo haina mtoto anayeumwa," akasema mama mkwe. Alikuwa amesimama mbele yangu. "Inama, baba."

Miaka sita hakuwahi kunielekezea neno lake moja kwa moja.

"Mama, itakuwaje? Watu..."

"Mara ya pili ulifikiria watu. Inama."

Niliinama. Alipanda mgongoni kwangu kama mtoto anavyobebwa, mkoba kichwani, mkono mmoja shingoni pangu. Niliingia majini. Tulipofika katikati aliona aibu akajifunika uso kwa kanga, na pindo lake likaniangukia machoni.

"Mama, sioni."

"Na mimi sioni. Kaza mguu."

"Mama, kanga!"

Akaivuta, na kwa muda mfupi tulitazama wote wawili mbele, kule kwenye ukingo, bila kujificha. Mchanga ulinichota miguu mara mbili. Mara ya pili nilidhani tumekwenda. Nikasikia anasema sikioni, taratibu, "Polepole, mwanangu, bado kidogo," nami nikaupata ukingo. Mchungaji alikuwa amegeuka anatazama ndama wake kwa bidii kubwa, Mungu ambariki. Mama alishuka, akafunga kanga, akaanza kukimbia. Mimi nilimfuata.

Nyumbani

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwangu na kuingia, mlango ukafungwa. Mimi nilibaki uani. Jirani walinipa kigoda nikakataa. Nilimsikia Rebeka akilia "Mama!" mara moja, sauti ambayo siwezi kuiandika. Kisha nikasikia maji, vyombo, amri fupi fupi za mama mkwe. Jua likahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

Baadaye pakawa kimya.

Kimya kile nilikuwa nakijua. Nilikisikia mara mbili kabla. Nilikaa chini pale pale kwenye tope, nikaweka kichwa kwenye magoti yaliyopasuka, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Rebeka, na sikuyapata. Nilitamani kuingia lakini mama mkwe alikuwa ndani, na miguu yangu, hata baada ya korongo lile, ilikataa.

Mlango ulifunguka. Alitoka yeye mwenyewe, mikono imelowa, kanga ikiwa kiunoni na si kichwani. Akaja mpaka nilipo, akanitazama usoni.

"Unalia nini, baba?"

"Sikusikia kitu, mama. Sikumsikia akilia."

"Alilia kidogo tu, kama paka. Alipoona titi akaacha. Binti yako ni mlafi." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akarudi hadi kizingitini, akageuka. "Utakaa kwenye tope mpaka lini? Rebeka anakuita. Ingia."

"Lakini wewe umo humo, mama."

"Nimo," alisema, akasogea kunipisha mlangoni.